Mji Mkongwe kwa miguu, kwa Kiswahili

Sisi wa bara tukivuka kwenda Unguja tunajiona nusu wenyeji. Lugha ni yetu, pesa ni ileile, urojo tumeshaula Kariakoo. Kwa hiyo mtu akikushauri umlipe mwongozaji akutembeze Mji Mkongwe unaona kama anakutania. Anayetembezwa ni Mzungu, wewe unajitembeza. Unaingilia kichochoro cha kwanza utakachokiona, unapiga picha milango miwili mitatu, unatokea ng'ambo ya pili bila kujua ulipopita, halafu unarudi kwenye boti na kusema umeuona mji.

Safari hii sikuwa na nafasi ya kupotea. Nilikuwa na shangazi yangu, mtu wa Kongwa, Mwanglikana wa Umoja wa Mama tangu sijazaliwa, na magoti yake yana masharti. Kilichomleta Unguja ni kimoja: kanisa la Mkunazini. Mengine yote, alisema, ni nyongeza. Nikaona bora tumlipe mtu ajue pa kukata njia, pa kukaa na pa kupata choo. Hayo matatu hayamo kwenye ramani yoyote ya simu.

Kumpata mtu huyo kuna utaratibu wake. Ukishuka bandarini Malindi wanakupokea papasi, vijana wasio na kibali wanaojua kila lugha ya dunia na kila duka linalowapa kamisheni. Si watu wabaya wote, lakini matembezi yao yana kawaida ya kuishia dukani. Sisi tuliunganishwa na mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia. Akaja kijana mpole, kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii shingoni, akamwamkia shangazi kabla hajanitazama mimi. Tukaelewana mambo kabla ya kupiga hatua: bei ni ya sisi wote si ya kichwa, tiketi za kuingia ni juu yetu, muda ni saa mbili, na duka hatuingii. Halafu nikamwambia tunataka maelezo kwa Kiswahili.

Akacheka. "Kwa Kiswahili? Haya, lakini mtanivumilia. Hadithi zangu zote nimezikariri kwa Kiingereza na Kitaliano."

Hakutania. Robo saa ya kwanza alikuwa anatafsiri, na ilisikika. "Jengo hili ni moja ya majengo muhimu sana." "Hapa ni mahali pa kihistoria." Kila sentensi ilikuja imepigwa pasi. Alipozoea, pasi ikaachwa. Akaanza kusema "wazee wetu wanasema", "mie bibi yangu alikuwa akisimulia", na akaanza kujibu kitu tofauti na alichoulizwa, jambo ambalo kwa mwongozaji ni dalili njema. Hapo ndipo nilipojua pesa yetu haikupotea.

Alitaka tuanzie Forodhani, kama wanavyoanza wote, kwa sababu hoteli nyingi ziko upande ule na picha nzuri ziko baharini. Shangazi akakataa. Kanisa kwanza. Na njia ya kufika kanisani kutoka tulipokuwa ilipitia sokoni Darajani, basi tukaanzia huko, na nadhani huko ndiko kila mtu angepaswa kuanzia.

Ukianzia Forodhani unaona mji wa masultani, umejipanga kando ya maji kama watu kwenye picha ya harusi. Ukianzia Darajani unaona kwa nini mji una upande. Barabara ile pana ya Benjamin Mkapa, yenye magari na maduka, ilikuwa mkono wa bahari. Maji yakijaa, Mji Mkongwe ulikaribia kuwa kisiwa, na watu wakivuka kwa daraja. Upande wa bahari kuu walikaa Waarabu, Wahindi, mabalozi na wafanyabiashara, katika nyumba za mawe. Upande wa pili, Ng'ambo, walikaa wengine wote: wachukuzi, wavuvi, mafundi, watumwa na walioachiwa huru, katika nyumba za udongo na makuti. Mkono ule wa bahari ulifukiwa hatua kwa hatua mpaka ukaisha katika karne ya 20. "Sie kwetu Ng'ambo," kijana alisema, akionyesha kwa kidevu upande wa Michenzani. "Bibi yangu akisema anakwenda mjini, ana maana anavuka barabara hii."

Soko lenyewe, lile jengo lenye paa la vigae, ni la 1904. Tulipita upande wa samaki haraka, kwa sababu shangazi hapendi harufu ya pweza, tukachelewa upande wa viungo, kwa sababu aliona iliki inauzwa bei ambayo Kongwa ni ndoto. Hilo si la historia. Lakini matembezi ya watu wawili yana uhuru huo: hakuna kundi la watu ishirini linalokusubiri wakati unanusa mdalasini.

Mkunazini ni dakika chache tu kutoka hapo. Kanisa limejengwa palipokuwa soko la watumwa la mwisho Unguja. Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kulifunga Juni 1873, akisukumwa na balozi wa Uingereza John Kirk huku manowari zikiwa tayari kuuzingira mji, na siku ya Krismasi mwaka huohuo msingi wa kanisa ukawekwa. Aliyelisimamia ni Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, yuleyule aliyechapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Amezikwa humohumo, nyuma ya altare.

Shangazi aliingia, akapiga goti kwa shida, akakaa. Kisha akanong'ona, "Hawa ni wale wa ubani." Kwetu Dodoma Uanglikana uliletwa na CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, watu wa mahubiri na kuta tupu. UMCA walikuwa watu wa mishumaa, mavazi na chetezo. Kwa mgeni asiye Mwanglikana hilo ni jambo dogo. Kwa shangazi lilikuwa kama kuingia kwa ndugu wa baba mwingine: damu ni moja, jikoni kuna tofauti.

Kijana akatuonyesha duara la marumaru mbele ya altare, mahali panaposemwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Akatuonyesha msalaba mdogo wa mbao, uliotokana na mti wa Chitambo, huko Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Kisha akatupeleka mwisho wa kanisa, karibu na mlango, kwenye nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba askofu alisafiri, mafundi wakaziweka walivyojua wao, aliporudi akaamua zibaki. Wageni hucheka hapo. Shangazi hakucheka. Alikuwa ametoka kumaliza nyumba yake ya tofali, na ana maoni kuhusu mafundi. "Askofu ndiye mwenye kosa," alisema. "Fundi haachwi peke yake siku ya kusimamisha nguzo."

Nje kuna mnara wa kumbukumbu wa msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, wa mwaka 1998: shimo la mstatili, ndani yake sanamu za watu watano, shingo zao zimeunganishwa kwa mnyororo. Mnyororo ni wa kweli, wa enzi ile. Kijana alianza maelezo yake yaliyokaririwa, idadi, masoko, minada. Shangazi akamkatiza kwa upole.

"Hawa walipita wapi, baba?"

"Wengi walitoka upande wa Ziwa Nyasa, bi mkubwa. Wanateremshwa mpaka Kilwa, halafu kwa jahazi."

"Na njia ya kwetu? Mpwapwa, Ugogo?"

"Ile ilikuwa zaidi ya pembe za ndovu. Bagamoyo, kwenda Tabora, mpaka Ujiji."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, halafu akamsimulia yeye. Kwamba Ugogoni maji ni ya shida na misafara ilikuwa lazima ipite, kwa hiyo watemi wa Wagogo walitoza hongo: nguo, shanga, waya wa shaba, ndipo msafara uruhusiwe kunywa na kuendelea. Kwamba wazee wa kwao walisimulia misafara mirefu, Wanyamwezi wakipiga kengele za miguuni, mchana kutwa wakipita. "Tulikuwa tunajua vinakokwenda vitu," alisema. "Tulikuwa hatujui vinakofikia."

Hayo ya hongo yameandikwa. Karibu kila msafiri wa Kizungu aliyepita Ugogo karne ya 19 amelalamika kuhusu hongo kwenye kitabu chake. Lakini yule kijana, anayesimama kando ya shimo lile karibu kila siku ya Mungu, hakuwahi kusimuliwa na mtu ambaye msafara ulipita nyumbani kwake. Alisimama kimya, akauliza maswali, nikaona anayaweka akiba. Mwongozaji wa Unguja na mgeni wa bara hawapeani hivyo kwa Kiingereza. Angemaliza maelezo, angesema kuna swali, sote tungesema hapana.

Kisha vyumba vya chini. Chini ya jengo la jirani, lililokuwa la misheni, kuna vyumba viwili vya dari fupi sana vyenye mnyororo, na kila mgeni huambiwa watumwa walilazwa humo wakisubiri mnada. Tuliingia tukiwa tumeinama. Shangazi hakuweza, akabaki ngazini. Tulipotoka nilimuuliza kijana jengo la juu lilijengwa lini. Akanitazama, akatabasamu. "Ukiniuliza kwa Kiingereza nitakwambia hadithi. Kwa Kiswahili nikwambie kweli: jengo ni la wamisheni, limejengwa baada ya soko kufungwa. Wapo wanahistoria wanaosema hivi vilikuwa vyumba vya stoo." Sikumlaumu kwa kuendelea kuwaingiza wageni humo. Biashara ya watumwa ilikuwepo, soko lilikuwepo, hatua chache kutoka tuliposimama. Watu wanataka mahali pa kuinama, na mji umewapa. Ila nilipenda kuambiwa.

Kutoka hapo tulipita Hamamni, kwenye hamamu ya umma iliyojengwa enzi za Barghash. Leo ni vyumba vitupu vya sakafu ya marumaru na madirisha darini, na kwa haki ya Mungu pana dakika kumi tu za kutazama. Lakini shangazi akauliza maji yalitoka wapi, na swali hilo likafungua mlango ambao sikuutarajia. Mji uliishi kwa visima, na maji ya visima katikati ya watu wengi, vyoo na makaburi yalikuwa ndiyo njia ya kipindupindu, ambacho kiliuchapa Unguja mara kadhaa katika karne ya 19, mlipuko wa 1869 hadi 1870 ukiwa mkali kupita kiasi. Barghash alitawala kuanzia 1870, akajenga mifereji na mabomba kuleta maji safi kutoka chemchemi za Chemchem, kaskazini ya mji upande wa Bububu. Alikuwa amewahi kupelekwa uhamishoni Bombay baada ya kushindwa kumpindua nduguye Majid, na wengi wanaamini mengi aliyoyajenga aliyaona huko. Vitabu vya wageni vinamkumbuka kwa kasri. Watu wa mji, kijana anasema, wanamkumbuka kwa maji.

Karibu na Sokomuhogo magoti yakagoma. Tukakaa barazani, lile benchi la mawe lililojengwa pamoja na nyumba, na hapo tulikaa kuliko mahali pengine popote. Muuza kahawa akatumiminia vikombe vidogo, kahawa chungu na kipande cha kashata. Wazee wawili wakasogea kumpa shangazi nafasi, wakamuuliza Kongwa kuna mvua.

Ukuta tuliouegemea ulikuwa umebanduka, na kijana akautumia kama ubao wa skuli. Ndani ni matumbawe, jiwe la baharini, jepesi, lenye vitundu. Linashikwa kwa udongo mwekundu na chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo. Juu, sakafu inabebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibukaribu. Boriti ya mkoko haiwi ndefu, ndiyo sababu vyumba vya Mji Mkongwe vingi havizidi kama mita tatu upana, hata vya tajiri. Tajiri aliongeza urefu wa chumba. Upana ulibaki ni wa mkoko.

"Sasa hapa," akasema, akagonga kiraka cha kijivu, "mtu ametia saruji."

Shangazi akasogea kutazama. Kijana akaeleza kwamba ukuta wa matumbawe hunywa maji chini na kuyatoa kwa hewa, na chokaa huuruhusu. Saruji huuziba. Maji yanabaki ndani, chumvi inafanya kazi yake, udongo unalainika, na siku moja ukuta unashuka wote ukiwa na koti lake safi la saruji. Juu nako, bati likivuja, boriti huoza kwenye ncha iliyoingia ukutani, pasipoonekana. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wenye nyumba wengi walikimbia, nyumba zikawa za serikali, zikagawiwa familia nyingi kwa pamoja, na nyumba ya watu wengi haina mtu wa kupanda darini. Mji uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, kuna mamlaka ya uhifadhi inayosimamia kila tofali, na bado saruji inauzwa Darajani kwa bei rahisi kuliko fundi chokaa. Shangazi alisema hata yeye angetia saruji. Mmoja wa wazee akasema, "Na sie ndio tuliotia, bi mkubwa. Ungefanyaje na mvua inanyesha?"

Milango nitaipita upesi, maana kila mtu anaiandika. Mimi nilijifunza kutazama kilele chake tu. Mlango ulionyooka juu, wenye maandishi ya Kiarabu na wakati mwingine mwaka wa Hijria, ni wa namna ya Kiarabu na kwa kawaida ndio wa zamani zaidi. Ulioviringika juu kama tao umepata mkono wa Kihindi. Na nguzo ya katikati inayofunika maungio ya mbao mbili inaitwa mfaa, ambapo fundi humalizia ufundi wake wote. Baada ya hapo unaweza kutembea mwenyewe ukatambua.

Tulitokea baharini kwa njia ya Gizenga, nyuma ya Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno, juu ya mabaki ya kanisa lao. Pembeni ni Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883, la kwanza mjini kuwa na taa za umeme na lifti. Nadhani nisingeliangalia jengo hili vizuri kama tungeanzia hapa. Sehemu yake ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, watu wawili wakafa. Baada ya somo la barazani, palipobomoka pale tulipasoma kwa macho: jiwe lilelile lenye vitundu, lililotakiwa kubeba nguzo za chuma na vyumba vipana ambavyo mkoko usingeviweza.

Hapo kijana alirudi kwenye hadithi yake aipendayo, vita vya 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini anafariki, Khalid bin Barghash anaingia kasrini bila ridhaa ya Waingereza, anapewa mpaka saa tatu asubuhi atoke, hatoki, manowari zinafyatua. Chini ya saa moja kila kitu kimekwisha, Khalid amekimbilia ubalozi wa Ujerumani, na vitabu vya rekodi vimepata vita vifupi kuliko vyote. Anaisimulia kwa mikono, na wageni, anasema, huipenda sana dakika zile.

"Wamekufa wangapi?" shangazi akauliza.

"Waliokufa na kujeruhiwa upande wa sultani, kama mia tano. Waingereza, mmoja amejeruhiwa."

"Na hao mia tano walikuwa nani?"

Kijana akafikiri. "Walinzi. Watumishi. Watumwa wa kasri. Watu wa mjini waliokuja kusimama na Khalid." Kisha akasema hilo hajaulizwa, huulizwa dakika ngapi.

Muda ukawa umeisha hapo. Shangani hatukufika, wala nyumba ya Tippu Tip, wala ile inayopigwa picha kwa ajili ya mwimbaji Freddie Mercury, na sikuona tulichopungukiwa. Kwa anayefikiria kufanya hivi: anza saa mbili asubuhi, kabla ya jua kali na kabla ya makundi ya meli. Ijumaa usipange kitu kuelekea adhuhuri. Beba kitambulisho, maana raia ana bei yake kwenye viingilio. Jifunike mabega, huu ni mji wa watu wanaoishi. Usijaze orodha, sehemu nne zinatosha, na acha nafasi ya baraza moja. Bakshishi toa mwishoni na mkononi.

Kijana amenitumia ujumbe tangu hapo. Anasema ana matembezi mengine anayotaka kuyajaribu na watu wa bara, ya Ng'ambo: kuanzia maghorofa ya Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kupita mitaa aliyokulia, na kuvuka barabara kuingia mjini kama alivyovuka bibi yake. Hakuna tiketi hata moja. Nimemwambia nipo. Shangazi naye yupo, ila yeye anasema tumshushe Mkunazini, tutamkuta hukohuko, bado ana la kuzungumza kuhusu zile nguzo.